Na, Kwa

Swali lilitoka kwenye karatasi ya Kiingereza,
somo ambalo si langu,
lakini mwenyewe alikuwa ameshuka Mbale kufuatilia mshahara,
nami, mtoto wa kambini,
niliyekiokota Kiswahili kwenye mabanda ya askari,
nilikuwa karibu, na chaki mkononi.

Mwalimu, akasema Nambozo, hapa wameandika
mlima umo ndani ya ukungu kama mtu ndani ya blanketi.
Nani aliufunika?

Nikacheka kidogo. Nje ya dirisha
Masaba haukuwepo.
Ukungu ulishuka tangu alfajiri,
ukameza mianzi, ukameza mashamba ya kahawa,
ukatubakizia mlingoti wa bendera na choo cha wavulana.

Kiingereza, nikawaambia, hupenda kuvisha vitu nguo:
vumbi joho, theluji shuka, kimya pazia.
Sisi tuna kutanda, tuna kugubika,
tuna kusitiri, ambako ndani yake mna huruma,
tuna kufukia, ambako hamna.
Lakini leo shikeni kufunika tu,
mtazame kineno kinachobebwa mgongoni.

Nikaandika ubaoni:
Mlima umefunikwa na ukungu.
Mtoto amefunikwa kwa blanketi.

Penye na, kitu kimekuja chenyewe,
hakikutumwa, hakikubisha hodi.
Penye kwa, tafuta mkono.
Kuna mtu aliamka usiku, akaona miguu iko nje,
akavuta blanketi.

Wakaupenda mchezo. Vidole juu, madawati yanalia.
Matoke yamefunikwa kwa majani ya mgomba!
Kahawa imefunikwa kwa turubai, maana mvua haina adabu!
Daftari langu limefunikwa kwa gazeti la mwaka juzi
(waziri fulani alikuwa anacheka pale kwenye jalada, kichwa chini).
Kifaranga amefunikwa... wakakwama,
wakabishana kama bawa ni mkono,
nikawaacha wabishane.

Wamono hakunyoosha kidole.
Alikuja kwetu muhula wa pili kutoka ng'ambo ya bonde,
na sare ya kuazima iliyomzidi mabega.
Alisimama tu.

Nyumba yetu ilifunikwa na udongo.

Ndiyo, nikasema. Na.
Nikataka aketi.

Tulifukua siku nne, akasema,
kwa majembe, kwa sufuria, kwa kucha.
Tukampata mama, ameshika komeo la mlango.
Wanawake wakamwosha, wakamvisha gomesi yake ya manjano.
Halafu tukampeleka kule juu, kwa mjomba, tukamfunika.

Akanyamaza, midomo ikitembea,
kama anayetafuta jibu la hesabu.

Kwa udongo, akasema.
Mwalimu, ulikuwa udongo ule ule.

Kitabu changu cha sarufi kina kurasa mia mbili na kumi.
Nimekifundisha miaka kumi na minne, najua palipo na doa la chai.
Hapo hapana ukurasa.
Na hata ile na ya kwanza, nikiwaza sasa,
sina hakika nayo tena:
bibi yake anasema mlima ulijigeuza usingizini,
redio inasema ni waliokata miti,
na waliokata miti wana mikono,
na baadhi yao wana watoto, hapa hapa, safu ya tatu.

Ketini, nikasema, ingawa aliyesimama ni mmoja.

Sikufuta ubao.
Wamono aliketi, akachonga penseli muda mrefu kuliko penseli inavyohitaji.
Nambozo aliandika jibu lake kwa Kiingereza,
akalikinga kwa kiganja nisilione.

Karibu saa sita ukungu ukaanza kupanda.
Kwanza ghala la ushirika, kisha migomba,
kisha, juu zaidi, upande wa macheo,
lile kovu jekundu ambalo wote tunalijua na hatulisongi kidole,
na majani mateke
yanalifunika, polepole, kuanzia pembeni.